Jina Ambalo Mheshimiwa Hakuweza Kulitamka

Nairobi,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Mama yangu mpenzi, Matisi,

Kabla sijakuuliza habari za afya, weka kisu chini, acha hiyo sukuma unayokata, upige vigelegele. Piga tu, hata kama majirani wa ploti watatoka kuuliza kuna nini. Waambie Nafula ameshinda. Wakiuliza ameshinda nini, waambie wakuletee kiti kwanza, maana barua ni ndefu.

Haya, sasa salamu. Hujambo, Mama? Goti linasemaje na hii baridi ya Kitale? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia bado ipo, ama umeshawapaka wanachama wote wa chama chenu cha akina mama? Nakujua wewe. Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, kanisani naenda, na mashavu yamerudi. Baridi ya huku ni ya kuigiza tu, asubuhi inakuja, saa nne imeshakimbia. Watu wa Nairobi wanavaa makoti mazito kwa baridi ambayo wewe ungeanika nayo mahindi.

Mzigo wako niliuchukua Alhamisi. Njugu zimefika salama, maharagwe yamefika, na ndani ya maharagwe nikakuta barua. Mama, nilikaa chini palepale kwa ofisi ya vifurushi nikaisoma. Tangu nihamie huku hujawahi kuniandikia hata mstari mmoja. Umesema simu huiamini tena, kwamba siku hizi simu inaweza kusema chochote, na kwamba kwa jambo hili unataka mwandiko wa mwanao. Basi huu hapa mwandiko wa mwanao. Bado ni mbaya vilevile, kama kuku aliyepita kwa majivu, lakini ni wangu.

Swali lako lilikuwa moja. Ule ujumbe ulitungwa na nani, na ilikuwaje Mheshimiwa Masibo, mtu mkubwa vile, akaja mpaka Matisi kusimama juu ya pikapu na kuomba radhi? Umeandika kwamba sokoni kila mtu ana jibu lake. Mimi nina jibu lenyewe, kwa sababu nilikuwa ndani ya chumba.

Wacha nikueleze kazi yangu, maana najua unapoulizwa husema ninafanya kazi ya kompyuta na hapo unanyamaza. Wewe ukiwa kibandani, ukimwona mteja kwa mbali, unajua huyu atataka kabeji, huyu atataka nyanya za kupondeka za bei ya chini, na huyu amekuja kupiga domo tu. Umejuaje? Umemwona mara nyingi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Mwanasiasa anakuja kwa kampuni yetu anasema anataka kiti. Sisi tunakusanya habari za wapiga kura wa kwao, mtu anakaa wapi, analima nini, amewahi kulalamikia barabara ama mbolea, kisha mashine inatuambia nani anataka kusikia nini. Mwenye shamba tunamwambia habari za mbolea. Mwenye bodaboda tunamwambia habari za steji. Mheshimiwa akifika mahali, anajua tayari watu wa pale wanaumwa wapi. Mimi naipenda hii kazi, Mama, sitakuficha. Ninaijua, na kuna wachache wanaoijua kunishinda.

Basi uchaguzi mdogo ulipotangazwa kule kwetu, Masibo alikuja kwa kampuni, na mimi nikapewa kutengeneza ramani ya wapiga kura. Nani angewekwa badala yangu? Mimi ndiye niliyekulia Matisi, na kwa Baba ni Kamukuywa. Niliitengeneza vizuri sana. Nilijua hata ni sehemu gani maji hukatika na ni sehemu gani taa za barabarani zilikufa zamani. Nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza mtu atakuja kuwaongelesha habari zenu, si kuwarushia tu shati na kofia.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ramani yangu ikitoka mezani kwangu ilipitia meza ya Dennis. Huyu Dennis ni mkuu wangu, mshauri wa mikakati, kijana wa viatu vyenye ncha, anayezungumza kama mtu anayesoma habari kwa runinga. Mtu mbaya wa kupiga watu si yeye. Ni mmoja wa wale ambao hawajawahi kuogopa kitu maishani.

Ndipo siku ile ukanipigia saa ya chakula cha mchana. Unakumbuka? Mimi nakumbuka kila neno.

"Nafula, hii simu inaniambia nikae nyumbani. Na si mimi niko nyumbani?"

"Inasemaje, Mama? Nisomee."

"Ati, 'Usalama wa eneo lako haujathibitishwa siku ya kura. Baki ndani. Linda familia yako.' Familia gani bana, na wewe uko Nairobi?"

Ukacheka. Lakini kicheko kilikuwa kifupi, nikasikia. Kisha ukaniambia kitu ambacho wewe ulikiona cha kuchekesha na mimi kikanigandisha. Ukasema ile laini ya marehemu Baba, ile unayoitunza kwa sababu chama wameizoea, nayo imepokea ujumbe saa ileile. "Hiyo imeambiwa vizuri. Ati, 'Mzee wetu, tunakutegemea, toka mapema.' Sasa baba yako atatoka aje, Nafula? Mimi ndiye niko hai nimeambiwa nikae."

Nikakuuliza unafanya nini sasa. Ukaniambia bila kubadilisha sauti kwamba umeshatoa begi chini ya kitanda. Umeweka vitenge, Biblia na picha ya Baba, na kesho asubuhi unaenda Kamukuywa kwa Kukhu, mama yake Baba, mpaka hii kura ipite. Jirani yako, mama wa cherehani, alikuwa ameondoka tayari kwenda kwa kaka yake.

"Na kura yako?" nikauliza.

"Nitapiga nyingine nikiwa hai."

Mama, sentensi hiyo ilinikata. Wewe huogopi ovyo. Wewe ndiye uliyemfukuza mwizi wa kuku na mwiko mkononi. Lakini miaka ile ya fujo za kura, nikiwa mdogo, tulilala kanisani na magodoro yakiwa ndani ya mvua, na mambo hayo nayakumbuka kwa uso wako. Nilikuomba uniache siku mbili tu, usiende kokote. Ukasema, "Siku mbili, Nafula. Si tatu." Nikakata simu, nikainuka kwa hasira. Kwa sababu maneno hayo, "linda familia yako", nilikuwa nimeyaona. Yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya kijani kwenye ubao wa ofisi yetu, hatua chache kutoka mahali nilipoketi nikila chapati.

Nilienda kwa Dennis bila kubisha mlango. Hakukana hata kidogo. Alinieleza kama mtu anayekueleza jinsi ya kuwasha taa.

"Tumejaribu na simu chache tu za Matisi, tuone inashika ama haishiki. Kuna wale hawawezi kumpigia Masibo hata umpe dhahabu. Hao hatuwabembelezi. Hao tunawapumzisha."

Kuwapumzisha, Mama! Neno zuri lilivyo, utadhani anawatandikia kitanda.

"Mashine imewajuaje?" nikamuuliza.

"Mashine imesoma alama. Wacha hisia, Nafula. Data haina hisia."

Nikarudi kwa meza yangu, nikafungua mashine yenyewe nione ni alama gani imesoma. Ilikuwa imeacha kila kitu nilichokifanyia kazi. Barabara imeachwa, mbolea imeachwa, maji yameachwa. Ilikuwa imesoma majina. Mwenye jina la huko kwetu kwa Baba ni wetu, atoke mapema. Mwenye jina lililotoka na wazee wake upande wa Mlima Kenya si wetu, abaki ndani. Basi. Hiyo ndiyo akili yote iliyolipiwa. Wewe umezaliwa Kitale, umeolewa Kamukuywa, umemzika mume Kamukuywa na ukanyolewa nywele kule kama wajane wengine wote, lakini laini yako uliisajili kwa jina ulilopewa na Cucu, mama yako, kwa hiyo wewe si wetu. Baba, ambaye yuko kaburini, ndiye wetu.

Nilimwambia Dennis kwamba huo ni uvunjaji wa sheria. Akasema sheria itajuaje ujumbe umetoka wapi. Nikamwambia kuna watu wanafunga mizigo. Akasema ndiyo, basi ujumbe unashika. Akaniambia Alhamisi Mheshimiwa mwenyewe anakuja ofisini kuidhinisha, na akishakubali, ujumbe utaenda kwa kila simu ya aina hiyo, Matisi na kwingine kote. Akaongeza, kwa upole, kwamba kama kazi imenishinda niseme mapema, kuna wengi wanaitaka.

Kusema kweli nilikuwa nimeishiwa. Nilimpigia Senge, dada yake Baba, kule Bumula, wala si kwa mpango wowote. Nilitaka tu kusikia mtu wa nyumbani. Unamjua Senge, ukimwambia una huzuni yeye anakupa umbea. Nikamtajia Masibo, akaangua kicheko.

"Huyo? Huyo namjua sana! Si arioa hapo Kitare, mutoto wa ile mama ya duka la mbegu. Sasa juzi tuko kwa matanga hapa Bumula, mama mukwe akatokea kwa njia. Wee! Mheshimiwa mzima, na walinzi wake, akaruka nyuma ya tanki ya maji. Akachutama huko mpaka mama apite. Walinzi nao hawajui wafanye nini, wakachutama pia."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kisha nikauliza, "Senge, na jina lake anaweza kulitaja?"

"Ati jina la mama mukwe? Atoe kwa mudomo wake? Arafu aketi wapi? Huyo ameshika desturi kama babu yake. Hata umushikie panga hataji."

Mama wa duka la mbegu, Mama. Mwenzako wa kwaya. Yule anayeketi nawe kwenye benchi la mbele na kukurekebisha sauti. Niliaga Senge haraka, nikafungua kwenye mashine ukurasa wa majina ya Matisi, na wala sikutafuta sana. Alikuwapo, mstari wa chini kidogo ya wako. Si wetu. Abaki ndani.

Nataka ujue kwamba sikuliongeza jina hilo. Lilikuwapo. Nilichofanya mimi ni kuchagua ukurasa wa kumwonyesha Mheshimiwa.

Alhamisi ikafika. Mheshimiwa akaingia na tabasamu lake la mabango, akatusalimia wote kwa mkono, akaulizia chai ya maziwa. Dennis akaanza. Akaonyesha ramani ukutani, rangi ya kijani huku, rangi nyekundu kule, mishale ikipanda na kushuka. Hakutaja mtu hata mmoja. Alisema "kundi hili" na "kundi lile" na "tunapunguza kelele za upande wa pili". Mheshimiwa alikuwa anaitikia kwa kichwa, na nikaona kweli hajui anachoitikia. Kwake yeye nyekundu ilikuwa rangi tu. Akachukua kalamu aweke sahihi.

Hapo nikasimama. 

"Mheshimiwa, kabla ya kuweka sahihi, nakuomba utusomee majina machache ya watu ambao tutawatumia ujumbe huu. Kwa sauti."

Dennis akanikazia macho. "Majina hayasaidii chochote kwa sasa."

"Mheshimiwa anajulikana kwa kukumbuka watu," nikasema. "Ni machache tu."

Unajua mwanasiasa ukimsifu. Akaweka kalamu chini, akasogeza kiti, na mimi nikaweka ukurasa ukutani. Akaanza kusoma kwa sauti ya mkutano.

"Huyu namjua! Huyu alinishonea suti ya harusi." Akasoma lingine. "Huyu ni mwalimu, alinifundisha hesabu. Bado yuko?" Akasoma lingine, sauti ikaanza kushuka. "Huyu... si ndiye mzee wa kanisa?" Kisha akafika kwako. Akasoma jina lako lote, akageuka kuniangalia, kwa sababu nilikuwa nimetoa pumzi kwa nguvu.

"Unamjua huyu?"

"Ni mama yangu, Mheshimiwa. Amefunga begi. Ananingoja nimwambie kama alale kwake au akimbie."

Mheshimiwa akarudisha macho ukutani, nadhani apate pa kuyaweka, na macho yakaangukia mstari wa chini. Midomo ikafunguka. Haikutoa kitu.

Nikangoja. Kisha nikasema kwa heshima zangu zote, "Endelea, Mheshimiwa."

"Hilo siwezi."

"Maandishi ni madogo?" Dennis akauliza, akainuka kusaidia, maskini. "Wacha nikusomee. Hapa imeandikwa..."

"Nyamaza!" Mheshimiwa alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. "Usilitaje! Usithubutu kulitaja jina hilo na mimi nimesimama hapa!"

Na hapo, Mama, akafanya kitu ambacho sitakisahau. Aligeuka akaupa ukuta mgongo, akasogea pembeni mpaka kwenye kona, akainamisha kichwa, kama vile mama mwenyewe ameingia chumbani na yeye anampisha njia. Mtu mzima na suti yake. Wale wa Nairobi walidhani ameugua, mmoja akakimbilia maji. Mimi nilizima mashine haraka, jina likatoka ukutani, ndipo akageuka.

Alipozungumza tena hakuwa na ile sauti ya mkutano. Alimuuliza Dennis kama ujumbe umeshaenda kwa simu yoyote. Dennis akasema kwa chache tu, za majaribio. "Na kwake?" Dennis akaangalia viatu vyake. Ulikuwa umeenda.

"Yaani mimi," Mheshimiwa akasema, "mimi ambaye sijawahi kumpita mbele, sijawahi kumshika mkono, sijawahi kula mbele yake, nimemtumia mama huyu ujumbe wa kumwambia ajifungie kwa nyumba yake? Ati sijui alinde familia? Familia ni mimi bana! Bibi yangu ni nani? Watoto wangu ni wa nani?"

Nikataka kumwambia kwamba wote walio kwenye ukurasa ule ni mama mkwe wa mtu, lakini nikaona amefika huko peke yake. Alichukua ile karatasi ya kuidhinisha, akaichana vipande vipande, akaitia mfukoni mwa koti lake, sijui kwa nini, labda hakuamini kapu letu la takataka. Kisha akaniuliza mimi, si Dennis, "Msichana, sasa hii inarekebishwa aje?"

Hapo ndipo nilipojua nimeshinda, Mama. Nilitaka kuruka juu ya meza.

Nikamwambia ujumbe hauwezi kurekebisha ujumbe. Mtu aliyeogopa hataamini simu tena. Nikamwambia aende mwenyewe, na aseme wazi kwamba maneno yale yalitoka kwa kampeni yake, wala asiseme ni maadui. Watu wake walipinga sana. Walisema atapoteza kiti. Dennis akasema ni kujiua kisiasa. Mheshimiwa akasema, "Na nikipata kiti nitakula wapi Krismasi?" Akaondoka. Nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikacheza. Peke yangu, bila muziki.

Sehemu iliyobaki uliiona kwa macho yako, na umeniandikia vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Umesema alisimama juu ya pikapu karibu na steji, kwamba alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na akasema, "Ule ujumbe ni wetu. Ni aibu yangu. Tokeni mpige kura, hata kama ni kuninyima mimi." Umesema mama mmoja wa mitumba alipiga kelele, "Tutakunyima basi!" na wote wakacheka, naye akacheka. Umeshangaa kwa nini muda wote alikuwa akiangalia upande wa kushoto tu, kama mtu aliyekakamaa shingo, na hata ulipompungia mkono hakukuona. Sasa unajua. Ulikuwa umesimama upande wa kulia na mwenzako wa kwaya.

Na mlimnyima kweli! Nilipoona matokeo ya vituo vya Matisi nilicheka kwa sauti ofisini. Foleni ndefu kupita zote, na kura nyingi zikaenda kwa mpinzani wake. Lakini kule kwingine, kwenye mashamba, kwa wale tuliowazungumzia mbolea na barabara, alipata za kumtosha, akashinda. Umeona, Mama? Hofu yote ile haikuwa na kazi yoyote. Angewaacha na amani yenu tangu mwanzo na bado angekuwa mbunge. Sitakuuliza wewe ulimpigia nani. Najua huwezi kuniambia, na najua ni nani.

Nimesikia pia kwamba mama wa duka la mbegu alimtumia sufuria ya mukimo kupitia kwa binti yake, na kwamba Mheshimiwa aliimaliza peke yake, akawanyima walinzi. Usimwambie kwamba nakujulisha haya. Au mwambie, akufundishe sauti ya pili.

Dennis naye, usimwonee huruma. Wiki iliyopita alialikwa kwa redio akaeleza kwa nusu saa jinsi "mkakati wetu wa ukweli" ulivyopangwa tangu mwanzo. Nilimsikiliza nikiwa napika ugali, nikageuza na mwiko kwa nguvu zaidi. Lakini mwenye kampuni alijua la kufanya, kwa sababu Mheshimiwa alimpigia. Sasa hakuna ujumbe unaotoka kwa kampuni hii kwenda kwa simu ya mtu kabla mimi sijausoma na kuweka sahihi yangu. Nimepewa kitengo, Mama. Nina watu chini yangu, na Dennis akitaka kutuma kitu anabisha mlango. Siku ya kwanza niliwakusanya nikawaambia jambo moja tu. Tutamwambia mtu sababu za kumchagua fulani, hata tukamwimbia, lakini ujumbe wa kumwambia mtu asitoke kwake kupiga kura hautoki ofisini humu mimi nikiwa ndani. Mmoja akauliza kama hiyo iko kwenye sheria. Nikamwambia iko, na hata isingekuwako ningesema vilevile.

Huyu mwanao aliyekuwa analia kwa hesabu za kugawanya, sasa ni mkubwa wa kitengo. Najisifu, ndiyo. Nani mwingine atanisifu kama nisipojisifu kwa mama yangu?

Nisalimie Kukhu kule Kamukuywa, mwambie chumba alichokuwa amekupangusia akiache hivyohivyo, tutakuja kukaa sikukuu, kwa kupenda kwetu. Msalimie Senge wa Bumula kwa namna ya pekee, na umwambie umbea wake umefanya kazi ambayo wanasheria wangelipwa miezi kuifanya. Namnunulia leso. Msalimie mama wa cherehani, nafurahi kwamba amerudi na taa yake inawaka. Msalimie mchungaji, na wote wa kwaya, hasa yule wa benchi la mbele. Cucu mfikishie salamu zangu na mpe zile njugu laini, meno yake nayajua.

Mama, kitu kimoja nimekibakiza kwa sababu nilitaka nikiandike taratibu.

Jioni ya siku ya kura, wengine walipoenda kusherehekea, mimi nilibaki nikafungua ule ukurasa wa Matisi kwa mara ya mwisho, kabla ya kuufuta. Ile mashine, mbali na kusema nani ni wetu na nani si wetu, ilikuwa pia imekisia siku ya kura kila mtu atafanya nini, na ikaandika neno kando ya jina. Kando ya jina lako ilikuwa imeandika, "Hatatoka." Haikuweka hata alama ya shaka.

Na wewe ulikuwa umefika kituoni hata kabla lango halijafunguliwa, umesimama mbele ya watu wote.

Nililifuta neno hilo mimi mwenyewe, herufi kwa herufi, nikaandika, "Alitoka."

Mwanao akupendaye,
Nafula